Kinachofungwa ni kaunta ya spea

Wakala wa pikipiki akitangaza kufunga, watu husikitikia vioo vya mbele vilivyobaki vitupu na pikipiki mpya zilizokuwa nyuma yake. Pikipiki mpya utaipata kwa wakala mwingine, hata akiwa mbali. Kisichopatikana kirahisi ni yule mtu wa kaunta ya spea anayejua kuwa gasketi ya mwaka huu haikai kwenye injini ya mwaka jana, ingawa kwa macho zinafanana kama pacha. Pamoja naye linaondoka kabati la vifaa maalumu lililokuwa nyuma ya karakana.

Lawama nyingi huangukia intaneti. Ni kweli mteja hujaribu helmeti dukani na akishajua saizi yake huiagiza kwingine. Lakini faida ya pikipiki mpya ni nyembamba, na mara nyingi zile zilizopangwa mbele zimechukuliwa kwa mkopo; kila inayochelewa kununuliwa inakula riba ikiwa imesimama tu. Mishahara hutoka karakana na kwenye spea. Anayenunua oili, filta na matairi kwingine, kisha akaja kaunta kutafuta washa moja ya shaba, amemwachia wakala ile sehemu ya biashara isiyolipa. Hata hivyo, nionavyo mimi, riba ndiyo inayoua. Intaneti humalizia.

Mwenye pikipiki aogope nini, basi? Si vingi kama anavyodhani. Beringi za magurudumu zina namba zinazotumika dunia nzima: 6302 ni milimita 15 kwa 42 kwa 13, na 6204 ni 20 kwa 47 kwa 14. Anayeuza beringi za mashine za kawaida anazo. Oili sili nyingi huandikwa vipimo vyake usoni. Cheni ni 428, 520, 525 au 530, ukijumlisha idadi ya pingili. Plagi ina namba yake. Hivi vyote havijawahi kumtegemea wakala.

Kazi ipo kwenye gasketi za injini, gia, plastiki za bodi, kompyuta ya injini na seti ya kufuli. Hapo namba ya spea ndiyo kila kitu. Kabla mlango haujafungwa, mpelekee mtu wa kaunta namba ya chesisi, umwombe akuchapishie michoro ya spea ya pikipiki yako, ukurasa kwa ukurasa. Kisha jifunze kuisoma. Kwa Honda, namba kama 15410-MFJ-D02 huanza na aina ya kitu (15410 ni filta ya oili) na herufi za katikati ni modeli ambayo kitu hicho kilitengenezewa mwanzoni. Yamaha hupanga kinyume: katika 5GH-13440, modeli inatangulia. Ukishaelewa mpangilio huo utaona filta yako inafungwa pia kwenye modeli nyingine kadhaa, na hofu ya kuikosa inapungua. Tarakimu za mwisho zikibadilika, mara nyingi kiwanda kimeboresha kitu kilekile na kufuta namba ya zamani. Muuzaji asiye na mfumo wa kiwanda atakuambia spea hiyo haitengenezwi tena, kumbe imepewa namba mpya.

Jambo la pili ni tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa juu ya vali za injini. Injini yenye skrubu na nati ya kurekebishia haina shida: fila geji (visahani vyembamba vya kupimia nafasi), spana, na mkono uliotulia. Yenye shimu, yaani visahani vya chuma vinavyokaa juu ya vali, ni habari nyingine, kwa sababu huwezi kujua unahitaji kisahani gani mpaka ufungue na kupima. Wakala alikuwa na boksi zima. Fundi asiye nalo atafungua injini, atapima, ataagiza, na pikipiki italala wazi wiki mbili. Hesabu yenyewe ni fupi: shimu ya sasa, jumlisha nafasi uliyopima, toa nafasi inayotakiwa. Kama shimu ni milimita 1.85, umepima 0.13 na kitabu kinataka 0.20, unahitaji 1.78, na kwa kuwa nyingi hupanda kwa hatua ya 0.025, utachukua 1.775. Baadhi ya shimu hizo ni za kipenyo cha milimita 7.48, nyingine 9.48, kwa hiyo pima kipenyo pia kabla ya kuagiza. Na usidanganywe na ukimya: tapeti zinazogonga kidogo huudhi masikio tu, ila zilizobana hazitoi sauti huku vali inaungua, na dalili ya kwanza mara nyingi ni injini kugoma kuwaka.

Mafundi wa mtaani wanaokwenda mnada wa kufunga duka hukimbilia jeki na kompresa. Wangekimbilia boksi la shimu, pula (vifaa vya kung'olea) za magneto na soketi za nati ya klachi. Pula moja haiingii kila magneto, kwani nyuzi hutofautiana. Anayeikosa hupiga nyundo, na nyundo hulegeza sumaku au kuharibu ncha ya krenki, ile shafti kuu ya injini.

Funguo zisisubiri. Kwenye pikipiki zenye ufunguo wenye chipu, kusajili ufunguo mpya huhitaji ufunguo uliokwisha kusajiliwa. Kwa Yamaha zenye ufunguo mwekundu, ukiupoteza huo hakuna ufunguo mwingine wa kusajili, na mfumo mzima hubadilishwa. Tengeneza akiba wakati mwenye kifaa bado yupo. Kuhusu kusoma hitilafu, pikipiki za Euro 5 (kiwango cha moshi cha Ulaya) zina soketi nyekundu ya pini 6, na vifaa vya kawaida husoma kodi za msingi. Lakini kutoa hewa kwenye pampu ya ABS (breki zinazozuia gurudumu kukwama) kwa baadhi ya modeli bado kunadai programu ya kiwanda.

Akiba ya spea nunua kwa akili. Keboli ya klachi, levi, filta na seti ya gasketi, ndiyo. Betri, mafuta ya breki na vitu vya mpira, hapana: vinazeeka kwenye rafu.

Wakala kufa si kiwanda kufa. Kampuni ya Polaris ilipoizima chapa yake ya pikipiki, Victory, Januari 2017 iliahidi spea kwa miaka 10. Kiwanda kilicho hai kinatarajiwa kufanya zaidi ya hapo. Waranti yako ni ya kiwanda, ila andika kwao moja kwa moja kubadilisha anwani, la sivyo barua ya kurudisha pikipiki yenye kasoro itaishia kwenye duka lililofungwa.

Na zile pikipiki za mwisho za bei ya kutupa? Soma tarakimu nne kwenye tairi: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Pima betri, na ikiwa imepumzika ikasoma chini ya volti 12.4, ihesabu kuwa na mashaka. Nusa tangi. Muhimu zaidi, uliza kiwandani waranti ilianza lini, maana wapo mawakala wanaosajili pikipiki kuwa imeuzwa ili kufikisha lengo la mwezi, na saa ya waranti ikaanza kuhesabu siku hiyo, kabla ya wewe kuigusa.