BHT kwenye losheni: hofu imekipita kipimo

Siku hizi maneno "haina BHT" yanauza krimu, na mnunuzi anaondoka akiamini kwamba zile zenye BHT, kemikali ya kuzuia mafuta yasichache, zina sumu. Wenye wasiwasi wana hoja. BHT hupenya ngozi, imo pia kwenye vyakula kwa namba E321, na mwaka 2019 Umoja wa Ulaya uliiweka kati ya viambato 28 vya kuchunguzwa kwa tuhuma za kuvuruga homoni.

Majibu ya uchunguzi huo hayakusambaa kama tuhuma zenyewe. Mwaka 2021, SCCS, kamati ya wanasayansi inayoishauri Ulaya kuhusu vipodozi, ilizingatia suala hilohilo la homoni ikasema BHT ni salama hadi asilimia 0.8 kwenye bidhaa za kupaka na za kuoshea, 0.1 kwenye dawa ya meno, na 0.001 kwenye maji ya kusukutua kinywa. Ona namba zinavyoshuka kadiri bidhaa inavyokaribia kumezwa. Waliozipanga hawakufumba macho.

Tupige hesabu. Gramu moja ya krimu yenye kiwango hicho cha juu kabisa ina miligramu 8 za BHT. Kwa upande wa chakula, mamlaka ya Ulaya ilikubali mwaka 2012 miligramu 0.25 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, maana yake mtu wa kilo 60 anaweza kumeza miligramu 15 kila siku maisha yake yote. Krimu haimezwi. Ni kweli anayejipaka mwili mzima hutumia gramu kadhaa, lakini kinachopenya ni kidogo, na sehemu kubwa yake huishia kwenye ngozi. Tena krimu nyingi zina BHT chini sana ya kiwango hicho. (Kuhusu saratani, wengi huichanganya na BHA, kemikali nyingine ya kazi kama hiyo, ambayo ndiyo IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani, inaitaja kuwa huenda inasababisha saratani kwa binadamu. BHT haimo kwenye kundi hilo.)

Na kazi yake ni ipi? Mafuta ya mimea yakikutana na hewa huanza kuchacha, molekuli moja ikiharibu nyingine. BHT huachia haidrojeni yake na mnyororo huo unakatika. Pasipo kinga, hata linaloli, kiambato cha manukato ambacho kikiwa kibichi ni nadra kusababisha mzio, hugeuka kuwa haidroperoksidi zinazojulikana kwa kuwasha ngozi. Vitamini E inaweza kushika nafasi hiyo, ila nayo ina watu inaowaletea mzio.

Lalamiko ninaloliunga mkono ni la lebo. Viambato vilivyo chini ya asilimia 1 huruhusiwa kupangwa kwa mfuatano wowote, bila kiasi kutajwa, kwa hiyo mnunuzi hawezi kujua kama chupa yake ina 0.01 au 0.5. Hapo ndipo watengenezaji wangebanwa.