Walifunga bahari, wakafungua makumbusho

Nilikuwa ndani ya nyumba ya mvuvi, nimeinama nisigonge kichwa, nikamsikia mama mmoja nyuma yangu akishusha pumzi. Kwa Kiholanzi changu cha kuombea maji nilimwelewa vizuri tu: zamani watu waliishi kwa utulivu.

Utulivu upi, mama? Baba na mama wanalala ndani ya kabati la ukutani kama mashuka, milango ikifungwa usiku ili joto lisitoke. Samaki wakigoma, nyumba nzima inagoma kula. Babu yangu alikuwa mvuvi Pangani. Neno "utulivu" sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Hapa ni Zuiderzeemuseum, makumbusho ya mjini Enkhuizen, Uholanzi. Unaingia kwa boti, na hilo nimelipenda. Nyumba zimehamishwa kutoka vijiji na miji iliyoizunguka Zuiderzee, ghuba ya bahari iliyokuwa hapa. Kuna mtaa wa watu wa kisiwa cha Urk, kuna mitalawanda mlangoni, na kuna matanuri makubwa ya chokaa yaliyokuwa yakichoma makombe ya baharini. Hapo nilisimama muda mrefu. Sisi tumechoma matumbawe, wao makombe, na moshi ni uleule.

Lakini kilichonikera ni hiki: ukizunguka bila kusoma vibao, utadhani kijiji hiki kilikufa kwa uzee. Hakikufa kwa uzee. Mafuriko ya Januari 1916 yaliwatisha, mwaka 1918 ikapitishwa sheria ya kuifunga bahari, na tarehe 28 Mei 1932 tuta la Afsluitdijk, kilomita 32, likaziba mdomo wa bahari. Zuiderzee ikawa ziwa, jina jipya IJsselmeer. Chumvi ikapungua, heringi na dagaa wakatoweka, mkunga akabaki. Mvuvi aliyerithi nyavu za heringi kwa baba yake akabaki na nyavu. Urk, kisiwa tangu enzi na enzi, mwaka 1939 kikaunganishwa na bara kwa tuta. Halafu mwaka 1948, miaka 16 tu baada ya bahari kufungwa, makumbusho yakaanzishwa. Sehemu hii ya wazi ikafunguliwa 1983. Maiti haijapoa, picha yake imeshatundikwa sebuleni! Aliyeziba bahari na mkataji wa tiketi walikuwa taifa lilelile.

Haya, najua mtakachosema. Tuta limewakinga watu na maji, ardhi mpya iliyokaushwa baharini imelisha taifa, na sheria ya kuwasaidia wavuvi ilikuwepo tangu 1925. Nakubali, shingo upande. Na watu wa Urk hawakukaa kulia; walihamia Bahari ya Kaskazini na wanavua hadi leo. Sawa. Ila msiniambie kijiji kilikuwa kitulivu.

Afadhali wale wanaofukiza samaki. Pale hakuna mapambo, moshi unakuingia machoni na nguo zinanuka mpaka kesho yake kwenye treni. (Abiria wa jirani yangu alihama kiti. Sikujali.) Nilinunua heringi mmoja, nikamla nimesimama, mafuta yakinichuruzika mkononi, huku nikiyatazama maji yaliyo hatua chache tu kutoka kwenye tanuri. Nikamuuliza muuzaji: huyu amevuliwa hapa?

Akacheka. Akanyoosha kidole kaskazini, ng'ambo ya tuta.