Andrew Wyeth hakuchora nyasi ili kuipamba Marekani

Shutuma dhidi ya Andrew Wyeth, mchoraji wa Marekani, inajulikana. Wakati wachoraji wa New York walipokuwa wakimwaga rangi turubaini na kugeuza mkondo wa sanaa, yeye alibaki Chadds Ford, Pennsylvania, na pwani ya Maine akichora maghala, vilima na majirani. Wakosoaji wakamwona mtoto wa N.C. Wyeth, mchoraji wa picha za vitabuni, aliyeendeleza kazi ya baba kwa hadhira inayotamani mashamba ya zamani.

Kuna ukweli humo. Picha zaidi ya 240 za Helga, jirani yake wa Chadds Ford, alizochora kwa siri kuanzia 1971 hadi 1985, zilitangazwa 1986 kwa kelele nyingi, na minong'ono ya mapenzi ikazungumzwa kuliko uchoraji wenyewe. Soko lilifaidika.

Lakini mtu anayetaka tu kufurahisha macho hachagui tempera. Wyeth alifundishwa na shemeji yake, Peter Hurd: unga wa rangi huchanganywa na kiini cha yai na maji, kisha hupakwa kwenye ubao uliosawazishwa kwa chokaa na gundi. Hukauka upesi, haivurugiki kwa ulaini kama rangi ya mafuta. Kila unyasi unadai mstari wake, tabaka juu ya tabaka, na picha moja inaweza kumaliza miezi. Kwa brashi kavu ya rangi za maji alijifunza kwa kazi za Dürer, mchoraji Mjerumani wa kale, ambaye mwaka 1503 alichora kipande cha majani ya kawaida kwa makini yaleyale. Matokeo yake ni makavu, hayabembelezi.

Na kilima chake si mandhari tu. Oktoba 1945 treni iligonga gari la baba yake kwenye makutano ya reli, akafa pamoja na mjukuu wake. Katika picha yake iitwayo Winter 1946, mvulana anateremka mbio kilima ambacho ng'ambo yake ndipo ajali ilipotokea.

Picha inayonishughulisha zaidi ni Christina's World ya 1948. Christina Olson, jirani yake wa Maine, alikuwa na miaka 55. Miguu haikumbeba, akakataa kiti cha magurudumu, akawa anatambaa shambani. Wyeth alichora mikono yake, ila kiwiliwili ni cha Betsy, mkewe, aliyekuwa na miaka 26. Hapo wanaomlaumu kwa kuficha uzee na ulemavu wana haki ya kuuliza. Mimi naona alitaka tuufuate mwendo wa mwanamke huyo kuelekea nyumbani kwake, mgongo ukiwa kwetu, kabla hatujapata nafasi ya kumhurumia. Tena hakumkimbia usoni: alimchora katika picha Miss Olson mwaka 1952, na mwaka 1967 akamchora tena katika Anna Christina, ametukabili, mzee, bila kulainishwa popote. Anayesema Wyeth aliuogopa uso ule aanzie kwenye picha hizo mbili.