Niko Hai, Msichange Tena

Kwanza, niko hai. Wale mliochanga Jumamosi ili mwili wangu usafirishwe hadi kwetu Mwingi, Kenya, mtarudishiwa pesa zenu. Mweka hazina ameniambia zilikuwa zimefika dola 340 kabla sijapokea simu, na amenionyesha orodha, kwa hiyo nawajua mliotoa dola tano.

Pili, sikujinyonga. Nilining'inia mtini, nikiwinda kulungu huku Minnesota. Kwa Kiswahili hayo ni mambo mawili. Kwa Kiingereza cha bibi mwenye shamba ninalowindia, akimpigia rafiki yangu Baba Nduku aliyekuwa bado chini ya blanketi, ni jambo moja.

Baba Nduku alipogundua amemzika mtu mzima bado ana pumzi, alitoa taarifa ya pili kwenye kundi letu: eti kulungu alinitisha nikaanguka, nikakutwa nalia kwa Kikamba. Hiyo nayo si kweli. Kilichotokea ni kibaya kuliko hicho, na afadhali mkisikie kwangu.

Mnaouliza mzee wa miaka 63 alikuwa anatafuta nini mtini peke yake: mwenzangu wa kuwinda alihamia Texas, wanangu wanasema nyama iko dukani, na Baba Nduku haamki kabla ya saa tatu. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 nikiwa kijana, bado nabebeshwa tu podo la babu. Huku Minnesota ukiwa na leseni, Novemba ni yako. Na kwa mlio nyumbani, kulungu wa huku si yule wetu wa vichakani. Huyu mkia wake ni mweupe chini, akishtuka anausimamisha kama kitambaa cha kuagia, na dume ana pembe za matawi anazozidondosha kila mwaka na kuota nyingine.

Sasa, dungu. Sote tuliolinda mtama tunalijua dungu: miti minne, nyasi juu, na manati mkononi. La huku ni jukwaa la chuma la upana wa meza ya chai, lina kiti kidogo, limekazwa kwenye shina la mti kwa mikanda. Langu liko futi 15 juu, kaskazini ya mji wa Brainerd. Mikanda naibadilisha kila baada ya miaka miwili, kwa sababu jua huidhoofisha na kindi huitafuna. Chini hadi juu kuna kamba ya kupandia yenye fundo la prusiki. Hanesi yako, ile mikanda ya usalama ya mwilini, unaifunga kwenye fundo hilo ukiwa bado chini, unalisukuma juu kadiri unavyopanda, na ukiteleza linajikaza lenyewe. Bunduki haipandi nawe. Inabaki chini, haina risasi, imefungwa kwenye kamba ya futi 30 ambayo ncha yake ya pili iko kwenye jukwaa. Ukishakaa na kujifunga ndipo unaivuta, mtutu ukiangalia chini.

Yote hayo niliyafanya. Muandike mahali.

Kosa lilikuwa bega. Ukishafika juu, fundo linatakiwa lisukumwe hadi juu ya kichwa, ili ukiwa umekaa, kamba inayotoka mgongoni iwe karibu kukaza. Hapo ukianguka, unaanguka kiasi cha shibiri mbili na jukwaa bado liko karibu na magoti. Bega langu la kulia limeganda tangu Machi, mkono haupandi kupita sikio. Kwa hiyo nililiacha fundo usawa wa kifua, tena kifua cha mtu aliyekaa. Nikajiambia, nani anaanguka.

Kosa la pili lilikuwa zulia. Nilitandika kipande cha zulia kuukuu jukwaani ili buti zisigonge chuma. Ujanja mzuri sana huo, nauamini hadi leo, mradi zulia liwe kavu.

Kosa la tatu ni dawa ya presha, ile ya kupunguza maji mwilini. Daktari alisema nimeze asubuhi. Hakusema asubuhi ya nani. Nilimeza saa tisa na nusu usiku, na kahawa vikombe viwili.

Mnaona inapoelekea. Kina mama mnaweza kuishia hapa.

Nilikuwa juu saa kumi na moja, giza bado, baridi nyuzi 7 chini ya sifuri. Nimevaa suruali tatu, ya juu ni ovaroli nene yenye zipu, na juu yake mikanda ya hanesi imepita mapajani. Kwa haja ndogo nina chupa ya maji ya matunda yenye mdomo mpana. Mdomo mpana ni muhimu, msinunue ya soda. Saa kumi na moja na nusu haja ikaja. Sikuwasha taa, nisiwashtue wanyama. Glavu moja nimevua, nyingine iko kwenye meno, zipu imekwama kwenye mkanda wa paja. Nusu iliingia chupani. Nusu nyingine sikuiona ilikokwenda, nikadhani imepita kwenye matundu ya jukwaa.

Ilikuwa imeingia kwenye zulia.

Kulipokucha mwanga ulikuwa safi, upepo unanijia usoni, na bunduki iko kwenye ndoano juu ya bega la kushoto. Saa moja na robo haja ikarudi. Safari hii naona vizuri, sina wasiwasi. Nikasimama taratibu, nikageuka kulia, chupa mkono wa kushoto, zipu chini, na buti la kulia nikalikanyagisha kwenye zulia ambalo kwa saa moja na dakika arobaini na tano lilikuwa linageuka kioo.

Nawaambia polepole kwa sababu ilienda polepole. Buti lilisafiri. Sikulisikia likiteleza, nililiona tu likiondoka, kama mtu anayeliangalia la mwenzake. Nikawaza: mbona linaenda kule? Goti la kushoto likajaribu kujadiliana, likashindwa. Nikaliona jukwaa likipita mbele ya tumbo langu, kisha kifua, kisha nikaliona zulia kwa karibu sana, manjano kidogo, linang'aa. Hapo nikaelewa. Katika maisha yangu yote sijawahi kuelewa jambo haraka hivyo. Kisha kamba ikakaza, hanesi ikanibana sehemu ambazo sitazitaja, na nikasimama hewani nikiwa nimeupa mti mgongo, ukingo wa jukwaa uko sawasawa na sikio langu.

Hanesi ilibeba. Imepimwa paundi 300, yaani kilo 136, na mimi ni kilo 96 kabla ya ovaroli. Kwa hiyo si suala la kuanguka tena. Suala ni kwamba kamba iko mgongoni, jukwaa liko juu ya bega, na bega ni lilelile. Ngazi iko upande wa kushoto wa shina, mimi nimeangukia kulia. Nilipiga mateke kuitafuta hadi nikazunguka kama mbuzi aliyetundikwa buchani.

Simu? Wanasema simu iwe mwilini, si kwenye begi. Ilikuwa mwilini, mfuko wa ndani, chini ya mkanda wa kifua. Ukining'inia, mkanda wa kifua unapanda hadi kidevuni na uzito wako wote unaulalia. Zipu ilikuwa chini yake. Simu ikaanza kulia. Nikajua ni mke wangu, Mama Mutua, anauliza kama nimemeza dawa.

Jambo linaloua mtu kwenye hanesi si kuanguka, ni kutulia. Mikanda inabana mapaja, damu inazama miguuni hairudi juu, na mtu anaweza kuzimia kabla ya nusu saa. Ndiyo maana hanesi huja na mshipi mdogo wa kukanyaga, unaukunjua, unasimama juu yake, mapaja yanapumua. Wangu ulikuwa garini. Kwenye mfuko wake wa nailoni. Mpya.

Nikaanza kuendesha baiskeli hewani. Kisha nikaiona ile kamba ya kuvutia bunduki, imefungwa kwenye mguu wa jukwaa, inapita karibu na shavu langu. Nikaivuta kwa mkono wa kushoto, nikatia kitanzi kwa meno, na hapa namshukuru babu aliyenifundisha kufunga ndama. Ila fundo la ndama linakaza likivutwa. Nilipokanyaga, kitanzi kililikamata buti likawa ndama. Nikatoa mguu kwa taabu, nikafunga tena, fundo lisilokaza, nikasimama kwa mguu mmoja. Mapaja yakapumua. Nikaingiza kidole kwenye kola kutafuta filimbi, nikaipata, nikaiweka mdomoni.

Na hapo ndipo alipotoka.

Dume. Pembe zina ncha kumi, ya kushoto ya pili imevunjika kidogo. Anatembea huku pua iko chini, hatua tatu anasimama, hatua tatu anasimama, anakuja moja kwa moja kwenye mti wangu. Fulana yangu ya rangi ya machungwa ni ya lazima kisheria, mwindaji mwenzako akuone, lakini kulungu haioni rangi hiyo kama sisi. Kinachomshtua ni kitu kinachosogea. Mimi sikusogea. Nilisimama kwenye kitanzi kwa mguu mmoja, filimbi mdomoni, zipu wazi, baridi nyuzi 7 chini ya sifuri, nikamtazama.

Mtu mwenye akili angepuliza. Mimi niliikagua bunduki. Ilikuwa kwenye ndoano, zaidi kidogo ya mita moja juu yangu, upande wa bega zima! Naapa nilipiga hesabu. Nikajiambia kwamba nikivuta pumzi, nikirefuka kidogo... Dakika nne, wapendwa. Dakika nne nilining'inia kimya nikiwa na kifaa cha kuniokoa katikati ya meno, kwa sababu ya ncha kumi.

Alifika chini yangu kabisa. Akainusa chupa iliyoanguka. Akainua kichwa, pua imelowa, inafukuta mvuke, akafuata harufu juu taratibu: kamba, buti, ovaroli. Akafika kwenye zipu. Akatulia hapo. Sijawahi kutazamwa hivyo na kiumbe yeyote, hata kliniki. Kisha akapiga chafya moja kubwa, ile yao ya kutangaza hatari, akasimamisha mkia mweupe na kuondoka zake.

Nikapuliza. Mara tatu, pumziko, mara tatu.

Mengine ni mafupi. Bibi mwenye shamba ana miaka 79, mimi humwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, na yeye anadhani ni jina la heshima, na kweli ni hivyo. Alikuja na pikipiki yake ya magurudumu manne na mbwa. Akanitazama, akaniambia nisiende popote, akarudi ghalani kuchukua ngazi. Njiani akapita kwenye gari langu. Kila nikienda peke yangu naacha karatasi kwenye dashibodi: mti gani, narudi saa ngapi, apigiwe nani. Nilikuwa nimeandika namba ya Baba Nduku, kwa sababu Mama Mutua angesema nisiende. Susu akampigia, akamwambia rafiki yako ananing'inia mtini. Baba Nduku hakuuliza swali hata moja. Aliingia kwenye kundi, akaandika "tumempoteza", kisha akavaa viatu.

Nilishuka kwa ngazi, jumla dakika ishirini na sita kwa hesabu ya simu za Mama Mutua ambazo sikupokea. Miguu ilirudi na sindano. Susu alinilazimisha kwenda kupimwa, nikapimwa, niko sawa, paja lina mistari ya kijani. Kilio ambacho Baba Nduku anasema alikisikia kilikuwa kikohozi. Alifika nikiwa jikoni kwa Susu nakunywa supu. Zipu nilikuwa nimeshafunga. Picha mnayorushiana alipiga Susu, na nashukuru mbwa amesimama pale aliposimama.

Mama Mutua amechukua ufunguo wa sefu ya bunduki. Mshipi wa kukanyaga umetolewa kwenye nailoni. Zulia bado liko juu, na chupa iko chini ya mti, atakayepita aiache.

Jumapili jioni Susu alinitumia picha. Yeye hapandi miti. Ana kibanda cha mbao chenye kiti cha jikoni na hita ya gesi. Ncha kumi, ya kushoto ya pili imevunjika kidogo. Ameniletea paja zima, Mama Mutua amelichemsha na kulikaanga na vitunguu na sukuma wiki, na nusu yake imeliwa na Baba Nduku, ambaye alikuja, alisema, kutoa pole.