Hesabuni na miti pia

Nimesoma kwamba wakulima waliokumbwa na mafuriko watapewa mbegu na mbolea na serikali. Ahsante, lakini sisi wa kando ya Mto Tana, Kenya, hatulimi mahindi peke yake. Maji ya mwisho wa 2023 hayakuwa yamekauka vizuri, ya Aprili na Mei 2024 yakatukuta. Shambani kwa mama yangu, karibu na Hola, yalisimama zaidi ya wiki mbili. Migomba ililala siku ya kwanza. Miembe ilibaki wima, tukamshukuru Mungu, kumbe mizizi inaoza chini. Baada ya mwezi majani yakawa kahawia. Ukikwaruza gome kwa kisu, ndani pakavu kama kuni.

Mahindi ukipanda leo, miezi mitatu minne unavuna. Mwembe, hata ule uliobebeshwa, yaani mche uliounganishwa na kikonyo cha mwembe mwingine ili uzae mapema, unangoja miaka mitatu hadi mitano ndipo uone embe la kuuza. Ngowe, aina ya embe, za mama ndizo zilizotulipia karo sote. Mnapohesabu hasara, hesabuni na miti, jamani! Machifu walishaandikisha wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, kwa hiyo majina yapo. Aliyepoteza miembe apewe miche, na pesa za kumvusha mpaka miche hiyo izae.