Kigiriki cha Kale na cha Leo: Lugha Moja au Mbili?

Wagiriki wengi hushikilia kwamba lugha yao ni ileile tangu enzi za kale, na ushahidi wao wa maandishi ni wa aina ambayo lugha chache duniani zinao. Mabamba ya udongo ya falme za kale za Knossos na Pylos, ambayo mwandiko wake ulifumbuliwa na Michael Ventris mwaka 1952, yanathibitisha kwamba Kigiriki kiliandikwa zaidi ya miaka 1,200 kabla ya Kristo. Ukiacha pengo la karne kadhaa baada ya falme hizo kuporomoka, hakijaacha kuandikwa hadi leo. Wapinzani wa dai hili hujibu kwamba umri si hoja, kwani swali ni kama mzaliwa wa Athens wa leo anaweza kumsoma Plato, mwanafalsafa wa kale, bila kufundishwa. Hawezi.

Mabadiliko yenyewe si madogo. Irabu fupi na ndefu zilipoteza tofauti yake, na silabi iliyokuwa ikitambulishwa kwa kupanda kwa sauti ikaanza kutambulishwa kwa mkazo. Herufi na jozi za herufi zilizokuwa na sauti mbalimbali zote sasa husomwa «i», na beta iliyotamkwa «b» hutamkwa «v». Umbo la nomino lililoonyesha anayepewa kitu limetoweka katika mazungumzo ya kawaida, na kitenzi kisicho na nafsi kimeachia nafasi yake miundo inayoanza na neno la Kigiriki «na». Mengi ya haya hayaonekani kwenye karatasi kwa sababu tahajia ilibaki ya kale. Jicho huona mwendelezo ambao sikio lingeukana.

Hata hivyo, wanaozitenga lugha hizi mbili hukosea pale wanapodhani mpasuko ulitokea jana. Sehemu kubwa ya mageuzi hayo ilianza baada ya Aleksanda Mkuu kufariki mwaka 323 KK, Kigiriki kilipokuwa lugha ya masoko na ofisi kutoka Misri hadi Shamu, kikizungumzwa na watu wengi ambao hawakunyonya nacho. Ndicho Kigiriki cha Injili, na ndicho alichotumia mwandishi asiyejulikana wa karne ya 1 kueleza biashara ya baharini hadi Rhapta, katika pwani ya Afrika Mashariki. Kimatamshi, lugha hiyo ya watu wengi iko karibu na ya leo kuliko ilivyo karibu na ya Homer, mshairi wa kale.

Ulinganisho na Kilatini unasaidia zaidi kuliko hesabu ya sauti zilizopotea. Kilatini kilizaa lugha nyingi, hivyo kila mtoto alihitaji jina lake. Kigiriki, ukiiweka kando lahaja ya Kitsakonia yenye asili ya Kidoria, mojawapo ya lahaja za Kigiriki cha kale, kilibaki na mzao mmoja aliyerithi jina la mzazi. Kwa maoni yangu, jina hilo moja linatokana na historia hiyo kuliko ufanano wa sarufi.

Waliotetea mwendelezo kwa nguvu zaidi ndio waliouelewa vibaya. Katharevousa, lugha iliyosafishwa kwa kufuata mawazo ya mwanazuoni Adamantios Korais, ilikusudiwa kuirudisha lugha ya taifa karibu na asili yake, na ilitetewa hadi damu ikamwagika: mwaka 1901 watu wanane waliuawa Athens katika ghasia zilizozuka baada ya gazeti la Akropolis kuchapisha tafsiri ya Injili katika lugha ya watu. Ilhali lugha iliyopita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto bila kukatika ilikuwa hiyohiyo ya watu, dimotiki, iliyodharauliwa. Sheria ya mwaka 1976 iliifanya dimotiki kuwa lugha ya elimu, na mwaka 1982 alama nyingi za zamani juu ya herufi zikabakizwa moja tu. Ushindi huo haukuwa kamili, kwa maana lugha sanifu ya leo imebeba msamiati mwingi wa sheria na sayansi uliopitia katharevousa, pamoja na viambishi vya kale ambavyo wanakijiji wa 1901 wasingevitumia.