Kamati Zisome Makala Kabla ya Kuhesabu Nukuu

Wasifu wa mtafiti wa kemia ya ubongo unapofikishwa mbele ya kamati ya kupandisha vyeo, macho hukimbilia namba tatu: idadi ya machapisho, jumla ya nukuu, yaani mara ambazo watafiti wengine wamezitaja makala zake katika kazi zao, na kile kipimo cha h ambacho mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alikipendekeza mwaka 2005. Hesabu yake ni nyepesi, kwani mwenye makala 12 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 12 hupata 12. Wepesi huo ndio uliokifanya kipendwe, na ndio unaonitia wasiwasi, kwa sababu mtu mwenye makala tano tu, hata kama moja imeigeuza fani nzima na kunukuliwa maelfu ya mara, hawezi kamwe kuvuka 5.

Sisemi kwamba nukuu hazina maana. Zinaonyesha kwamba kazi fulani imewafaa wengine, na hilo si jambo dogo. Lakini kutumika kwa kazi ni jambo moja na uzito wa ugunduzi ni jambo lingine, na tofauti hiyo inaonekana waziwazi katika kemia ya ubongo yenyewe. Makala inayotajwa kuwa imenukuliwa kuliko zote katika sayansi ni ya Oliver Lowry na wenzake, iliyochapishwa mwaka 1951 katika Journal of Biological Chemistry. Kufikia mwaka 2014 ilikuwa imenukuliwa zaidi ya mara 300,000. Inaeleza namna ya kupima kiasi cha protini katika sampuli, basi, na Lowry mwenyewe hakuiona kuwa kazi kubwa. Jasho lake lilimwagika kwingine. Akiwa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, alichukua vipande vya ubongo vilivyogandishwa na kukaushwa, akatenga seli moja moja ya neva chini ya hadubini, akaipima uzito kwa mizani ya uzi mwembamba wa kioo cha kwatsi, uliopinda kadiri ya uzito uliowekwa kwenye ncha yake, kisha akapima vimeng'enya vilivyomo ndani ya seli hiyo. Ukiihukumu kazi hiyo kwa nukuu, haiikaribii hata kidogo ile ya 1951.

Muda nao una hila zake. Virusi vya Zika vilipatikana mwaka 1947 kwa tumbili aliyewekwa katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, na makala mbili zikatoka mwaka 1952, ya pili ikieleza jinsi virusi hivyo vilivyoudhuru ubongo wa panya. Kwa miongo mingi ni wachache waliozijali. Mwaka 2015 na 2016, watoto walipozaliwa Brazil wakiwa na vichwa vidogo kupita kiasi, ulimwengu mzima ukazikimbilia, ilhali hakuna herufi iliyobadilika ndani yake. Waandishi wake wangepimwa mwaka 1960 kwa vigezo vya leo, kamati ingewaambia nini?

Kwa mtafiti wa Uganda kuna uzito wa ziada. Anayechunguza ugonjwa wa kutikisa kichwa uliowapata watoto wa Kitgum, Pader na Lamwo ana wasomaji wachache duniani kote, na wasomaji wachache huzaa nukuu chache, hata kazi iwe bora namna gani. Tena, tazama sampuli yenyewe inavyosafiri. Maji ya uti wa mgongo ya mtoto mwenye malaria ya ubongo hutolewa kwa sindano wodini, huwekwa kwenye barafu papo hapo, kisha huhifadhiwa katika nyuzi 80 chini ya sifuri, na umeme ukikatika usiku lazima pawe na mtu wa kuhakikisha kwamba jenereta imewaka. Mara nyingi vipimo vya mwisho hufanyiwa ng'ambo, na jina la aliyeilinda sampuli hiyo huishia katikati ya orodha ya waandishi, mahali ambapo kamati zetu hupapita bila kupaangalia. Hilo linaniuma, kwa sababu bila mtu huyo hapangekuwa na makala.

Azimio la San Francisco, lililoandaliwa mwishoni mwa mwaka 2012, lilikwisha kuzitaka taasisi ziache kumpima mtafiti kwa sifa za jarida lililochapisha kazi yake. Vyuo vyetu havina haja ya kusubiri zaidi. Mwombaji achague makala zake tatu, aandike ukurasa mmoja akieleza alichokifanya yeye mwenyewe katika kila moja, na wajumbe wasiopungua wawili wazisome zote kabla ya kikao. Iwapo hakuna mjumbe anayeielewa kemia hiyo, atafutwe msomaji kutoka Mbarara, Gulu au hata Nairobi, na alipwe kwa kazi yake.